Mto Chini ya Goti

Jumatano, 5 Machi

Kesho nafunguliwa goti. Waziri kanipa daftari hili, anasema daktari anataka niandike maumivu yanavyokwenda, maana nikiulizwa kwa mdomo huwa najibu "sijambo" hata nikiwa nimeng'ang'ania ukuta. Waziri ni mke wangu. Jina hilo nilimpa siku tulipohamia hapa juu ya karakana yetu, alipopanga nyumba nzima bila kuniuliza hata msumari upigwe wapi.

Mimi ni fundi makochi. Maisha yangu yote nimeyapigia magoti makochi ya watu. Ukitaka kubana kitambaa chini ya kochi lazima uteremke, goti sakafuni, misumari mdomoni. Goti la kulia ndilo nililolitumia zaidi, na ndilo lililoamua kustaafu kabla yangu. Mwaka jana wote nimeshuka ngazi za karakana kwa makalio kama mtoto. Mdogo wangu, ambaye tunafanya kazi pamoja huko chini, alikuwa anageukia ukutani akijifanya anatafuta mkasi.

Nataka kitu kimoja tu: nishuke ngazi zile kwa miguu yangu, nipige goti, na nisimame mwenyewe bila kumwita mtu. Hicho tu.

Mvua imeanza jioni hii. Naogopa, sifichi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesimama! Haki ya Mungu, nimesimama.

Nianze jana. Walinichoma sindano ya mgongo, miguu yote miwili ikaniaga. Wakaweka pazia la kitambaa kifuani nisione. Kuona sikuona, lakini masikio walinibakizia. Nikasikia msumeno. Kisha nikasikia nyundo. Yaani nyundo kabisa! Ko, ko, kimya. Ko, ko, kimya. Nikasahau kuogopa. Maana mtu anayegonga hovyo namjua, na mtu anayegonga akasikiliza kabla ya kugonga tena namjua pia, na huyu alikuwa anasikiliza. Nikamwambia yule wa dawa za usingizi, "Huyo ni fundi." Akacheka chini ya barakoa yake, akasema, "Mzee, tulia." Nikatulia. Nilitokwa na machozi, sijui kwa nini, na hayakuwa ya maumivu.

Leo asubuhi nikadhani nitalala kama mfalme. Wapi! Akaingia mwanamke mwembamba, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kavaa viatu vya michezo, akasukuma kile kifremu cha chuma cha kushikilia.

"Shikamoo mzee wangu. Tunasimama."

"Marahaba. Tunasimama nani na nani?"

"Wewe unasimama, mimi nakuangalia."

Nikamwambia nilikatwa jana. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja leo. Kuanzia hapo nimemwita Kamanda, kimoyomoyo. Nikashusha mguu kama nashusha kabati la watu. Nikakanyaga. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno, sitii chumvi. Lakini kulikuwa na kitu kingine: goti halikusaga. Ule mchanga niliozoea kuusikia ndani kila nikikanyaga, haupo. Kimya kabisa. Nilibaki mdomo wazi mbele ya watu wa wodi nzima. Waziri akaniuliza unaumwa wapi. Nikashindwa kumweleza kwamba nilikuwa nasikiliza.

Jumapili, 9 Machi

Limevimba kama boga. Leo siandiki.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi nyumbani. Ngazi nilizipanda kwa maelekezo: mguu mzima unatangulia kupanda, mguu mgonjwa unatangulia kushuka. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, mikono ameitandaza kama anadaka kuku. Majirani walitoka kuangalia. Ningekuwa na nguvu ningewauzia viti.

Kabla ya kutoka Kamanda alitupa masharti. Dawa ya kuzuia damu isigande, usiruke. Barafu ndani ya taulo. Mazoezi hata kama hutaki. Mguu ukivimba sana kwenye kigimbi, au kidonda kikitoa maji, au homa ikipanda, njoo mbio, usingoje kupambazuke. "Na mwisho," akasema, "usiweke mto chini ya goti. Hata likikuomba. Ukitaka kuinua mguu, inua kisigino." Waziri akarudia yote kwa sauti kama mtoto wa shule. Mimi nilikuwa naangalia mito ya hospitali. Mungu atusamehe, ile si mito, ni magunia ya pamba iliyokufa. Nikasema moyoni, kwa mito hii mimi mwenyewe ningekataza.

Alhamisi, 13 Machi

Usiku goti linaniomba. Linaomba kweli, kama mgeni asiyeaga. Nikilinyoosha linapiga kelele, nikilikunja kidogo linanyamaza.

Sasa mtu akiniletea mwili unaouma, kazi yangu ni nini? Si kuutafutia pa kupumzika? Nimemwita mdogo wangu, nikamchorea. Mto wa mteremko, sponji ngumu chini, laini juu, na katikati bonde dogo la kulipokea goti. Kitambaa cha mahameli ya kijani iliyobaki kwenye kochi la mwalimu mkuu. Kaniletea jioni, mshono wa ndani kwa ndani, huoni hata sindano ilipopita. Nikaweka mguu juu yake. Ah! Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii, na nimetengenezea watu wakubwa.

Waziri akaingia. "Si walisema mto hapana?"

"Walisema mto. Huu si mto, huu ni ufundi."

Akauminya kwa vidole, akautazama pande zote. Kwenye mambo ya mito huwa ananiachia. "Haya, fundi," akasema.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Mto. Usingizi mtamu.

Alhamisi, 20 Machi

Leo wametoa pini. Nilikuwa nadhani nimeshonwa kwa uzi, kumbe ni pini za chuma, zimepangwa kutoka juu ya goti mpaka chini yake. Ndugu zangu, zile ni pini zangu! Zinafanana na za stepla ya karakana kama mapacha. Na zilivyopangwa! Hakuna iliyopinda, hakuna iliyomkimbia mwenzake. Ngozi ya mtu hai, inayotoa damu, na mtu kaibana sawasawa kuliko ninavyobana turubai lililolala kimya mezani. Nesi akaniuliza kama naumia. Nikamwambia atoe polepole, si kwa sababu ya maumivu, bali nataka kuangalia.

Kamanda akanipima kwa rula yake ya pembe, ile ya vipande viwili yenye bawaba. Akapima tena. Akakunja uso.

"Linakunja vizuri. Ila halinyooki. Unafanya mazoezi?"

"Nafanya," nikasema, na ni kweli nafanya. Hakuniuliza habari za mto, nami sikuona sababu ya kutaja.

Jumanne, 25 Machi

Mdogo wangu anasema natembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Nimemwambia meza mbovu inatengenezwa, mdomo mbovu hautengenezeki. Lakini baadaye nimejitazama kwenye kioo cha kabati. Kasema kweli.

Jumapili, 30 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nasikia nyundo ya mdogo wangu chini ya sakafu, anafanya kazi hata Jumapili ili tusipoteze wateja. Anagonga haraka mno. Siwezi kushuka kumwambia. Nimelala na goti langu kwenye mahameli, nimestarehe, na sina raha.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku ya kurudi kwa daktari wa mifupa. Nitaandika yote.

Kwanza alituonyesha picha. Akawasha kioo cha mwanga, akaibandika. Nikaona mfupa wa paja langu, mweupe wa kijivu kama kawaida ya mifupa, halafu pale panapoanza goti pakawaka. Chuma. Kimeuvaa mfupa wa juu kama kofia, kingine kimekaa juu ya mfupa wa chini kama kigae. Na katikati, nafasi nyeusi, hakuna kitu.

"Hapa mbona pako wazi?" nikauliza.

"Hapana, pana plastiki maalumu. Picha haiioni. Ndiyo inayobeba mzigo, vyuma visisagane."

Nikapigwa butwaa. Fremu, kava, na cha kukalia katikati. Huyu bwana ameondoa kilichooza, akachonga mbao upya, akaweka sponji, akafunga kwa pini. Amenitengeneza kochi! Nikamwambia hivyo hivyo. Waziri akanifinya, lakini daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kwa miaka yote hakuna mgonjwa aliyemweleza kazi yake vizuri hivyo. Nilijiona mrefu.

Halafu akanilaza kitandani, akaweka kiganja chake chini ya goti langu na kuniambia nibonyeze mkono wake. Nikabonyeza. Sikuufikia. Kiganja chote kilipita chini ya goti, na nafasi ikabaki. Kicheko kikaisha.

"Mzee," akasema, "chuma kiko sawa. Tatizo ni nyama na mishipa inayozunguka. Imeanza kuzoea kukunjika. Ikigandia hapo, utatembea umechutama upande mmoja, mgongo utauma, goti jingine litachoka. Na ukipiga goti hutaweza kusimama, kwa sababu mguu usionyooka hausimamishi mtu."

"Kwa hiyo?"

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi huu. Lisiponyooka, tutakurudisha kule ndani, chumba cha upasuaji, tukulaze, tulinyooshe kwa nguvu. Na siwezi kukuahidi matokeo."

Kurudi kule ndani. Tulirudi nyumbani. Mvua ilikuwa inapiga dirisha la gari, Waziri kanishika mkono. Mimi nilikuwa nawaza ile plastiki isiyoonekana. Mtu amenipa zawadi ya ajabu kiasi hicho, na mimi nashindwa kuifungua.

Jumamosi, 5 Aprili

Kamanda alikuja nyumbani. Hakuitwa. Alisema alisoma faili langu akakosa usingizi, kwa sababu mgonjwa anayefanya mazoezi na bado hanyooki, kuna jambo linamrudisha nyuma mahali fulani.

Akaomba nifanye mazoezi yote mbele yake. Nikayafanya. Akatikisa kichwa, hakuna kosa. Akatazama kiti ninachokalia, akatazama viatu. Kisha akasema, "Mzee wangu, nionyeshe unavyolala."

Nikaenda kitandani bila wasiwasi wowote, nikavuta mto wangu wa mahameli, nikaweka goti bondeni, nikajilaza. Nikamtazama nikingoja sifa. Ndiyo, nilikuwa nangoja sifa, ujinga huu si wa kuficha.

Kamanda akakaa kwenye ukingo wa kitanda polepole, kama mtu aliyepata habari za msiba.

"Huu mto umetoka wapi?"

"Nimeuchora mwenyewe."

"Unaulalia kwa muda gani?"

Waziri akajibu kwa ajili yangu, "Usiku kucha, na mchana akipumzika. Tangu wiki ya kwanza."

Kamanda akaugusa, akaupapasa kwenye lile bonde. "Ni mzuri sana," akasema. "Sijaona mto mzuri kama huu. Ungekuwa mbaya, goti lingeukimbia. Mchana unalinyoosha kwa jasho, ukilala mto unalikunja tena, kwa upole, usiku mzima. Baba, umetengeneza kitu kinachofanya kazi kuliko mimi."

Nilitamani sakafu ifunguke inimeze niangukie karakana. Waziri alikuwa amesimama mlangoni. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniambia tu, "Ulisema huu si mto." Akatoka.

Kamanda akauchukua mto. Nilidhani atautupa. Badala yake akausogeza mpaka chini ya kisigino, goti likabaki linaning'inia hewani bila kitu. Uzito wa mguu wenyewe ukaanza kulivuta kwenda chini. Mama yangu! Sikujua kwamba mguu wangu ni mzito hivyo. "Hivi," akasema. "Kila siku, mara nyingi, mpaka uone nyota."

Nimeona nyota.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwomba mdogo wangu alete kisu cha sponji. Nimelikata lile bonde mwenyewe, nimeunyoosha mto uwe wa kisigino. Mahameli imebaki na kovu katikati, kama langu.

Alhamisi, 10 Aprili

Waziri amehamishia kigoda chumbani. Kile cha mbao, kigumu, cha kukatia vitunguu. Anakaa hapo kando ya kitanda kila ninapoweka kisigino, na usiku ananisindikiza mpaka nilale. Nimemwambia avute hata kiti chenye mgongo. Anasema hapo panamtosha. Nikasema ni ukaidi. Amenikasirikia, nadhani, ananiadhibu kwa kujiadhibu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nyota. Mvua. Nyota.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nilikata tamaa. Niandike tu. Nimeamka, goti gumu kama jana, kama juzi. Nikamwambia Waziri basi, wanirudishe kule ndani, walivunje wakitaka, nimechoka. Nikasema maneno mengine yasiyofaa kuandikwa. Waziri alikaa kwenye kigoda chake akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

Kisha akasema, "Umemaliza? Weka kisigino."

Nikaweka. Nikalia kama mtoto. Naye akaanza kunieleza, huku amekazia macho goti langu, kwamba siku ile ya upasuaji alisimama kwenye korido muda wote kwa sababu kwenye benchi alikuwa anasinzia, na aliogopa daktari atoke asimkute macho. "Ndiyo maana ya kigoda," akasema. "Kwenye kiti kizuri nitalala. Nikilala, wewe nakujua, utauvuta ule mto urudi chini ya goti. Si kwa ubaya. Wewe ukiona kitu kinaumwa huwezi kukiacha bila kukiwekea kitu laini. Ndivyo ulivyo. Kwa hiyo acha mimi nikae pagumu mpaka umalize."

Miaka yote hii nilidhani najua mwanamke huyu anapenda kukaa wapi. Nilimtazama mgongo wake, umenyooka kwenye kile kipande cha mbao, saa hizo zote, siku hizo zote. Nilimwona kama nilivyoona ile picha ya mifupa: katikati pana kitu kinachobeba mzigo wote, na jicho halikioni.

Nikabonyeza goti. Nikabonyeza.

Jumapili, 20 Aprili

Waziri kapitisha kiganja chini ya goti. Kimepita, lakini kimekwaruza. Tumetazamana. Hatukushangilia, tusije tukalitisha.

Jumanne, 29 Aprili

Mwisho wa mwezi. Nilivaa suruali iliyopigwa pasi kama naenda kuposa.

Daktari akanilaza. Akaweka kiganja chini ya goti. "Bonyeza." Nikafumba macho, nikabonyeza. Kisha nikamsikia anasema, "Mzee, niachie mkono wangu." Nikafumbua macho. Kiganja chake kilikuwa kimebanwa kati ya goti langu na kitanda, hawezi kukichomoa! Kamanda alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mdomoni. Yule Kamanda wangu mkali anatoa machozi waziwazi mbele ya wagonjwa.

"Harudi kule ndani," daktari akamwambia Waziri.

Waziri akasema "Ahsante" mara moja tu, kisha akauliza kama naweza kupiga magoti. Nilishangaa, maana mimi sikuwa nimethubutu kuuliza. Daktari akasema goti hilo halitavunjika nikipiga magoti, ila halitapenda. Nianze kwenye kitu laini, muda mfupi. Kamanda akanifundisha palepale: goti jipya linatangulia chini, kisha mguu mzima unakanyaga mbele, mkono kwenye kitu imara, unajisukuma. "Na siku za mwanzo," akasema, "usifanye bila mtu."

Ijumaa, 2 Mei

Nimeshuka karakana kwa miguu yangu. Mdogo wangu alinitazama nikishuka mpaka chini. Safari hii hakutafuta mkasi.

Nilimuuliza Waziri anataka kiti cha namna gani. Akasema, "Chochote kisicho kigoda."

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimekuwa za mwisho mwisho, zinanyesha kidogo kisha zinaona aibu. Leo tumepandisha kiti. Springi nimezifunga mimi, kitambaa nimekibana mimi, kwa juu, nikiwa nimesimama. Kazi ya chini kamalizia mdogo wangu. Tumekiweka kando ya kitanda, palepale kilipokuwa kigoda, kigoda tukakisogeza pembeni. Kisha mdogo wangu akarudi chini kufunga karakana.

Waziri akakizunguka kama mteja mkorofi. Akabonyeza mkono wa kiti. Akakaa. Akasema, "Mmh." Akaegemeza kichwa, akaanza kuniambia kwamba rangi angependa iwe... Hakuimaliza. Alikuwa amelala. Amelala kabisa, mdomo wazi kidogo, mikono imefunguka mapajani, usingizi wa mtu aliyeudai tangu masika yaanze.

Nikaona miguu yake haifiki sakafuni vizuri. Nilipima kiti kwa urefu wangu. Visigino vinaning'inia.

Mto ulikuwa kitandani. Nikauchukua. Nikasimama mbele yake, na ndipo nilipoelewa kwamba hakuna njia nyingine, lazima niteremke. Kamanda alisema usifanye bila mtu. Mtu alikuwepo, lakini amelala, na singemwamsha kwa chochote duniani. Nikaukunja mkeka mara kadhaa, nikaweka chini. Goti jipya likatangulia. Nikateremka, nikateremka, likagusa. Halikupenda, kama alivyosema daktari. Lakini lilinibeba.

Nikainua miguu yake yote miwili, taratibu, nikaisogezea ile mahameli yenye kovu. Visigino vikazama. Akashusha pumzi ndefu, hakuamka.

Nikabaki pale chini. Kushika kiti chake kungemtikisa. Nikatazama huku na huku, nikaona kigoda. Nikanyoosha mkono, nikakivuta bila kelele. Nikakanyaga kwa mguu mzima, nikaweka kiganja juu ya kile kipande cha mbao alichokaa yeye ili mimi ninyooke. Kiganja kilipogusa nilisikia mbao imelainika katikati, pamechimbika kidogo kwa kukaliwa. Nikajisukuma. Ndani ya goti palikuwa kimya, hakuna mchanga, hakuna kusaga. Mguu ukanyooka wote, mpaka mwisho.

Nimesimama. Sikumwita mtu. Anaendelea kulala, nami naandika haya nikiwa wima, daftari liko juu ya kabati, kwa sababu sitaki kukaa bado.